Mbwa wa Askari Mbele ya Umma: Mafunzo kutoka kwa Majirani Zetu



Abiria anayepita siku hizi katika kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta mjini Nairobi, au katika kile cha Entebbe nchini Uganda, aweza kukutana na askari anayetembea kati ya mizigo akiwa na mbwa. Mbwa huyo habweki wala havuti kamba. Hunusa sanduku moja akaliacha, akanusa la pili akaliacha. Na akifika penye sanduku lililofichwa pembe ya ndovu, huketi chini kimya na kumtazama askari wake. Hapo kazi ya mbwa imekwisha. Yaliyobaki ni ya askari, ya forodha na ya mahakama.

Tendo hilo la kuketi kimya laonekana kuwa jambo dogo, lakini nyuma yake kuna miezi mingi ya mafunzo ya mbwa, na mafunzo marefu zaidi ya mtu anayemwongoza. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza jinsi mbwa wa vikosi vya usalama wanavyofundishwa adabu ya mahali penye watu wengi. Pia tutatazama yaliyowapata majirani zetu, maana katika jambo hili wapo waliofanikiwa na wapo walioaibika, na askari mwenye busara hujifunza kwa wote wawili.

Yafaa tuanze na wananchi wenyewe, kwa sababu mbwa wa askari haingii mahali patupu. Huingia mahali penye watu, na watu wana kumbukumbu zao. Nchini Kenya kikosi cha mbwa wa polisi kiliundwa mwaka 1948, wakati wa utawala wa kikoloni. Na katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, wakoloni walitumia mbwa kuwasaka wapigania uhuru. Kwenye malango ya nyumba za walowezi, na baadaye ya matajiri wa kila rangi, kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali" kilimweleza mpita njia kwamba hapo hatakiwi. Mtu aliyekua akikiona kibao hicho kila siku hawezi kulaumiwa akiruka kando amwonapo mbwa wa polisi sokoni, hata kama mbwa huyo ameletwa kumlinda yeye.

Nchini Rwanda kumbukumbu hiyo ni nzito zaidi. Katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, maiti nyingi zilikaa bila kuzikwa, na mbwa waliopoteza wenyewe wakazila. Askari wa RPF, na hata wale wa Umoja wa Mataifa, walilazimika kuwapiga risasi mbwa hao. Leo Polisi ya Rwanda ina kikosi chake cha mbwa wa kunusa, nacho kinafanya kazi ya kulinda usalama. Lakini askari anayempitisha mbwa mbele ya mama aliyenusurika mwaka 1994 hapana budi akumbuke kwamba huenda mama yule haoni mnyama aliyefunzwa. Huenda anaona tena kile alichokiona siku zile.

Na katika mwambao wetu wote, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Kilwa, lipo jambo la ibada. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate na umajimaji wa mbwa kuwa najisi. Mtu au nguo ikiguswa nao, huoshwa mara 7, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Dini haikumkataa mbwa wa kazi, kwani Kurani yenyewe inamtambua mnyama aliyefunzwa kuwinda. Mgogoro ni wa kuguswa. Mzee anayekwenda kupanda boti akiwa amevaa kanzu yake ya kuswalia, kisha akaguswa na pua yenye unyevu, amevunjiwa jambo kubwa na askari ambaye pengine hakujua hata kwamba amelivunja.

Hizi ndizo sababu zinazofanya adabu ya mbwa mbele ya umma kuwa sehemu ya kazi yenyewe ya usalama. Mbwa asiyetulia huwafanya wananchi wakimbie, wakasirike, au wafiche habari ambazo wangempa askari. Basi tuone sasa adabu hiyo hupatikanaje.

Jambo la kwanza ni uchaguzi. Wengi hudhani kwamba mbwa afaaye jeshini au polisi ni yule mkali kuliko wenzake. Kwa kazi ya kunusa mahali penye watu, mkali hatakiwi, na mwoga hatakiwi vilevile, maana mbwa mwoga ndiye mwepesi wa kuuma. Anayetafutwa ni mbwa mwenye hamu kubwa ya kucheza, asiyechoka kutafuta mpira uliofichwa, na asiyetishwa na sakafu ya kuteleza, ngazi za chuma au mlango unaojifunga kwa kishindo.

Jambo la pili ni umri. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wataalamu wa tabia za wanyama wamethibitisha kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi maalumu cha kuizoea dunia, kuanzia yapata wiki ya 3 hadi wiki ya 12 au ya 14 ya uhai wake. Aliyoyaona kwa wema katika majuma hayo, kama vile watoto, wazee wenye mikongojo, wanawake waliojitanda kanga, pikipiki na magari, huyahesabu kuwa mambo ya kawaida hata ukubwani. Asiyeonyeshwa chochote wakati huo aweza kufundishwa baadaye, lakini kwa kazi kubwa zaidi na kwa matokeo yasiyo na hakika.

Jambo la tatu ni kuzoesha hatua kwa hatua. Mbwa hatolewi kambini siku moja na kutupwa katikati ya stendi ya mabasi. Kwanza hupelekwa mbali, mahali ambapo kelele za stendi zasikika kidogo tu, na akitulia hupewa tuzo. Siku nyingine husogezwa karibu zaidi. Mwalimu humtazama wakati wote. Mbwa akikunja mkia chini ya tumbo, akilamba midomo bila kuona chakula, akitetemeka au akikataa hata kipande cha nyama anachokipenda, ni dalili kwamba amesogezwa haraka mno, na hapana budi arudishwe nyuma. Anayempiga mbwa kwa sababu ameogopa umati humfundisha jambo moja tu, kwamba umati huleta maumivu. Mbwa huyo atautazama umati kama adui, na siku moja ataushambulia.

Jambo la nne ni amri. Mbwa hufundishwa amri chache zilizo wazi: kuketi, kulala, kubaki alipo, kutembea kando ya mguu, kurudi anapoitwa, na kuacha. Kila amri huwa na neno moja, na watu wote wa kikosi hulitumia neno hilohilo. Tuzo hutolewa mara tu baada ya tendo, kabla mbwa hajatenda jingine, maana akicheleweshewa hajui ni lipi lililompatia tuzo. Amri ya kuacha ndiyo mama wa adabu yote. Mbwa anayepita sokoni atakutana na vichwa vya samaki, mifupa ya nyama choma, kuku waliofungwa miguu na mbwa wa mitaani. Kama hawezi kuviacha vyote hivyo kwa neno moja, bado hajawa mbwa wa umma.

Hapa lipo kosa ambalo makocha wa mbwa hulionya sana. Mbwa hawezi kulihamisha somo kutoka mahali pamoja hadi pengine kwa urahisi kama binadamu. Yule anayeketi vizuri katika uwanja wa gwaride aweza kuwa kama hajasikia neno hilo kamwe anapofika bandarini. Kwa hiyo somo lilelile hurudiwa uwanjani, barabarani, ndani ya jengo, juu ya mashua, mchana na usiku, mpaka amri iwe na maana moja mahali pote. Askari wote wataelewa jambo hili, kwa maana wao pia wanajua tofauti kati ya kulenga shabaha katika uwanja wa mazoezi na kulenga siku ya vita.

Baada ya adabu ndipo huja somo la harufu. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu vinavyohesabiwa kwa mamia ya milioni, hali ya mwanadamu ana milioni 5 au 6 hivi. Mbwa hufundishwa kwamba harufu fulani, iwe ya baruti, ya bangi au ya pembe, ndiyo inayoleta mpira wake. Hajui uhalifu ni nini. Yeye anautafuta mpira. Kisha hufundishwa kwamba mpira hauji kwa kukwaruza wala kwa kubweka, bali kwa kuketi kimya. Kwa mbwa wa mabomu jambo hili ni la uhai na kifo, kwani anayekwaruza bomu aweza kulilipua. Kwa mbwa wa mizigo humwepushia mwananchi uharibifu wa mali yake. Na kwa mzee wetu wa kanzu huondoa lile jambo la kuguswa.

Katika miaka ya 2010 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa kufundisha mbwa na waongozaji wao karibu na Arusha, na askari wa wanyamapori kutoka nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, walifunzwa huko pamoja na mbwa wao. Huko Virunga, mashariki ya Kongo, askari wa hifadhi wamekuwa wakitumia mbwa wa kufuata nyayo wa aina ya bloodhound, mnyama mpole mwenye masikio marefu, ambaye sifa yake ni uvumilivu wa pua wala si meno. Mifano hiyo yaonyesha kwamba mbwa aweza kuwa silaha kubwa dhidi ya majangili bila kuwa tisho kwa wanakijiji.

Lakini, ndugu wasikilizaji, mbwa aliyefunzwa vizuri aweza kuharibiwa na mtu anayemshika kamba. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha uchunguzi uliohusu timu 18 za mbwa wa kunusa na waongozaji wao. Waongozaji waliambiwa kwamba katika vyumba fulani palikuwa na harufu zilizofichwa, na kwamba mahali pengine pamewekwa alama ya karatasi. Kwa kweli hapakuwa na kitu chochote. Hata hivyo waongozaji walitangaza zaidi ya mara 200 kwamba mbwa wao wamegundua kitu, hasa penye zile alama. Maelezo yake ni kwamba mwongozaji anapoamini jambo, hupunguza mwendo, hukaza kamba au hutazama mahali fulani bila kujijua, na mbwa, ambaye maisha yake yote ni kumsoma bwana wake, humpa kile anachokitaka. Au mwongozaji mwenyewe huona ishara ambayo mbwa hakuitoa.

Matokeo yake yanaeleweka. Askari akiwa tayari amemdhania mtu kwa sababu ya kabila lake, nguo zake chakavu au pasipoti yake ya nchi jirani, mbwa aweza kulithibitisha dhana hilo bila harufu yoyote. Ndipo mtu asiye na hatia huvuliwa viatu mbele ya watoto wake. Mahakama za Afrika ya Mashariki ziliiona hatari hii zamani. Mwaka 1967 mahakama nchini Kenya ilionya kwamba ushahidi wa mbwa upokewe kwa hadhari kubwa, na kwamba kwanza mahakama ielezwe mbwa huyo alifunzwaje na ameaminika kiasi gani. Kwa hiyo daftari la mafunzo, linaloandikwa kila siku pamoja na makosa ya mbwa na si ushindi wake tu, ni kinga ya mwananchi, tena ni kinga ya askari mwenyewe atakaposimama kizimbani kutoa ushahidi.

Sasa tuitazame aibu. Katika Afrika ya Kusini, enzi za utawala wa makaburu, mbwa wa polisi walikuwa miongoni mwa zana za kuwatisha wananchi weusi. Utawala huo uling'olewa mwaka 1994. Hata hivyo mwaka 1998 polisi 6 wa kikosi kimoja cha mbwa, mashariki ya Johannesburg, waliwachukua raia 3 wa Msumbiji waliodhaniwa kuwa wahamiaji wasio na vibali, wakawaachia mbwa wao wawararue, kana kwamba watu hao ni vifaa vya mazoezi. Wakati wahanga wakiomba huruma, polisi walicheka na kupiga picha za video. Mwezi Novemba mwaka 2000 televisheni ya taifa ya nchi hiyo iliionyesha picha hiyo, na dunia nzima ikashtuka. Mwaka uliofuata 4 kati ya polisi hao walikiri makosa na kuhukumiwa vifungo vya kati ya miaka 4 na 5.

Funzo la kisa hicho ni chungu, nalo latuhusu. Bendera ilikuwa imebadilishwa, Katiba mpya ilikuwa imetungwa, na amri kutoka juu zilikuwa nyingine. Lakini katika kikosi kile mazoea ya zamani yalibaki katika mikono ya watu, na kutoka mikononi yakapita katika kamba hadi kwa mbwa. Mbwa wale hawakuasi. Walitii. Hapo ndipo tunapoona kwamba utii wa mbwa peke yake si adabu. Adabu ya mbwa ni adabu ya yule anayetoa amri, na ya mkubwa wake anayeona na kunyamaza. Wasikilizaji wetu watakumbuka pia kwamba waliowararuliwa walikuwa wana wa nchi iliyojitoa mhanga kuwasaidia wapigania uhuru wa Afrika ya Kusini.

Basi askari afanye nini? Kwanza, aseme kabla ya kutenda. Maneno machache kama "Shikamoo mzee, naomba uweke mzigo wako hapa, mbwa huyu hatakugusa" huondoa nusu ya hofu. Pili, atenge watu na mizigo. Mizigo ipangwe mstari mmoja, wenyewe wasimame kando, na mbwa apite kwenye mizigo. Mtoto akikimbilia kumshika mbwa, askari asimame katikati na amweleze mtoto kwa upole kwamba mbwa yuko kazini. Tatu, kamba iwe fupi na mkono uwe mwepesi, maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba hatari imefika.

Nne, amtunze mnyama. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Mbwa anayehema sana hawezi kunusa vizuri, na katika joto la pwani huchoka upesi. Afanye kazi kwa vipindi vifupi, apumzike kivulini, apewe maji. Askari aweke mgongo wa mkono wake juu ya lami. Kama mkono hauvumilii, na nyayo za mbwa hazitavumilia. Tena mbwa achanjwe chanjo ya kichaa cha mbwa kila inapotakiwa, na cheti kiwepo. Katika nchi zetu watu wanaokufa kwa kichaa cha mbwa wengi wao waliumwa na mbwa, kwa hiyo mwananchi anapouliza kama mbwa huyu amechanjwa, hajamtukana askari. Ameuliza swali la haki.

Tano, askari asimfanyie mchezo mbwa wa kazi mbele ya watu. Wazee wa pwani huonya kwamba achezaye na mbwa mwishowe huingia naye msikitini, yaani mazoea yasiyo na mipaka huleta fedheha mahali pasipostahili. Mbwa anayeachiwa leo awatishe vijana wa mtaani kwa kichekesho, kesho hatajua tofauti kati ya kichekesho na amri.

Sisi tunacho Kikosi cha Mbwa na Farasi katika Jeshi letu la Polisi, na askari wake wanafanya kazi katika bandari, viwanja vya ndege na mipaka, mahali ambapo wageni huiona nchi yetu kwa mara ya kwanza. Lakini maneno haya hayawahusu wao peke yao. Askari aliye kwenye kizuizi, ambaye hajapata kushika kamba ya mbwa maishani mwake, naye anashika kitu mkononi ambacho mwananchi anakiogopa. Kama askari wa mbwa, yeye pia hupimwa kwa jinsi anavyokizuia.

Siku mama wa Kigali, mzee wa Lamu na kijana wa Msumbiji watakapoweza kusimama kando ya mizigo yao bila kutetemeka, wakamtazama mbwa wa askari akipita, akinusa, akaenda zake, siku hiyo tutajua kwamba mbwa amefundishwa, na kwamba aliyeshika kamba amefundishwa pia.